Je, Wajua? Meza ya Mtu wa Tanga Hupangwa na Mwezi

Je, wajua kwamba mwenyeji wa Tanga anaweza kukwambia leo ni jioni ipi ya wiki ijayo supu ya pweza itakuwa ya kutosha mtaani? Hutazama mwezi tu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Hapo ndipo linapokuja bamvua: maji yakijaa hujaa mno, na yakipwa hupwa mno. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, bahari isiyopanda sana wala kushuka sana. Kupwa kumoja na kunakofuata hupishana kwa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Anayeishi na bahari hukokotoa hesabu hiyo kichwani.

Sasa sikiliza bahati ya pwani hii. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mwezi nenda mwezi rudi. Miamba iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi mchana kweupe, jua likimulika kila tundu. Wanawake kwa wanaume hutembea kwa miguu hadi mwambani, kijiti au mshale wa chuma mkononi, wakichokoa pweza mashimoni mwao. Mwogeleaji na mwenye chombo wana faida yao, lakini pweza wa bamvua anaweza kupatikana na mtu asiye na mtumbwi wala nyavu. Alasiri anapigwapigwa juu ya jiwe ili nyama ilainike, kisha anachemshwa, na magharibi yuko barabarani, amekatwa vipande vidogo, na kando yake chumvi, ndimu na pilipili. Supu yake hunyweka kwa kikombe, mtu amesimama.

Kabla hujatafuna, jua unatafuna nini. Pweza ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja huipeleka mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu inabeba hewa kwa madini ya shaba, wakati yetu inatumia chuma. Sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu, kama theluthi mbili, imo mikononi, ndiyo maana mkono uliokatwa huendelea kujipinda. Na maisha yake ni mafupi ajabu. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na miezi michache tu, na muda huo mfupi hukua kwa kasi kubwa. Jike likishataga hukaa shimoni likilinda mayai, halili, na yakianguliwa linakufa.

Ukijua hayo, utaelewa kwa nini sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Utaelewa pia kwa nini vijiji kadhaa vya pwani vimeamua kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache, kisha kuifungua. Kwa mnyama anayekua haraka hivyo, miezi michache ni mingi. Anayemnunua pweza mdogo kuliko kiganja chake anakula mbegu, na ningependa wanunuzi waseme hivyo mbele ya meza ya muuzaji, kwa adabu lakini bila woga.

Mwezi huohuo unaotoa pweza asubuhi hutoa burudani jioni. Maji yaliyokupwa saa nne asubuhi hujaa saa kumi alasiri. Ofisi zinafungwa, shule zimetoka, na bahari iko juu kabisa: nenda ufukwe wa Raskazone uone vijana wakijirusha majini. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kupwa huangukia alasiri, na wazoefu hawajisumbui kubeba taulo.

Je, wajua kwamba hapohapo Raskazone ndipo majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka India, yaliposhuka kutoka melini usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia? Walikuwa kama 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani pamoja na askari wake Waafrika, alikuwa na watu kama elfu moja tu. Vita vikali vya tarehe 4 vilipofika kwenye vichaka na mashamba, risasi ziliitikisa mizinga ya nyuki, na nyuki hawakuuliza nani ni wa upande gani. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini. Vitabu vya kigeni hupenda kuviita Vita vya Nyuki, lakini nyuki ni sehemu ndogo tu ya kisa. Kilichoamua zaidi ni reli, iliyowawezesha Wajerumani kuteremsha askari kutoka upande wa Moshi kwa haraka.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya mkonge ya nchi nzima. Mashamba yakaleta watu kutoka bara, na watu wakaja na muziki wao: bendi maarufu ya Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, hapahapa Tanga, mamia ya kilomita kutoka Unyamwezi. Atomic Jazz nayo ni ya Tanga. Taarabu ya mji huu, kwa vikundi kama Black Star na Lucky Star, iliingiza magitaa ya umeme mahali ambapo wengine walishikilia fidla na kanuni, na sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ikawafikia watu ambao hawajawahi kuiona bahari.

Turudi mezani. Sahani ya muhogo wa nazi wenye pilipili, ambayo kila bibi wa mtaa wa Ngamiani ataapa ni ya mababu, imekusanya mabara matatu. Muhogo na pilipili vilitoka Amerika na kuvuka bahari na Wareno. Mnazi una safari ndefu zaidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina nasaba kuu mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na kwamba Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki ni mahali zilipochanganyika. Mabaharia kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki walipita na mbegu zao. Mkono wa kukuna, kukamua tui na kujua lini uongeze tui zito, huo ni wa hapa.

Na chungwa? Chungwa la Muheza, jirani na Tanga, lililoiva kabisa linaweza kuwa la kijani, na mgeni akaliacha akidhani ni bichi. Ganda hugeuka rangi pale usiku wenye baridi unapoivunja rangi ya kijani. Usiku wa Muheza ni wa joto. Kwingineko wafanyabiashara huyafukiza machungwa kwa gesi ya etilini ili yapendeze macho. Hapa muuza machungwa hulimenya kwa kisu kikali, ganda likishuka kama utepe, hukata kichwa, nawe unafyonza.

Na baiskeli? Zimejaa Tanga kwa sababu nyepesi: mji ni tambarare. Kwa baiskeli unaweza kufika hata Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kwenye njia ya Mombasa, ambako maji yametoboa mawe ya chokaa ya zama za dinosaria, popo wamejaa, na watu bado huenda kufanya matambiko.

Jioni ni ya kahawa chungu, kashata na bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, lakini mchezo huanza na kete 10 tu kwa kila upande: sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Nyingine 22 mchezaji anazo mkononi, na huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua. Zikiisha ndipo hatua ya pili, mtaji, inapoanza. Ugumu wa bao uko hapo: lazima ujenge huku unapigana.

Tumalizie baharini: samaki aliyeitangaza Tanga duniani kuliko wote haliwi. Silikanti alidhaniwa ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga walianza kumkuta mara kwa mara katika majarife, yaani nyavu za papa, yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Nyama yake ina mafuta mazito na ladha mbaya, na anayeila huweza kuharisha. Haliwi na hauziki sokoni. Jarife linamuua bure. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka mitano. Pengo la pweza aliyepotea mwambani hujazwa na bamvua chache zijazo. Jike la silikanti linalonaswa leo huenda limebeba watoto tangu watoto wa darasa la kwanza Tanga walipokuwa bado wananyonya.