Ng'ang'a Amelipa, Tovuti Inasema Hajalipa: Mambo 5 ya Kukagua Kwenye Databesi Yako

Umewahi kulipa kitu mtandaoni, SMS ikaingia kuthibitisha pesa imetoka, halafu tovuti ikakuambia "Malipo hayajapokelewa"? Unajaribu tena, na sasa umelipa mara mbili. Unampigia mwenye duka, anakuambia utupigie sisi. Ukitupigia, tunaangalia na kuona kila kitu kiko sawa: pesa ilitoka kwako na ikafika kwake.

Sasa shida iko wapi? Mara nyingi iko kwenye databesi ya tovuti, yaani lile daftari ambamo duka huandika nani amelipa na oda ipi. Pesa imefika, ila daftari ndilo limekosea.

Leo tunaongea na nyinyi mnaotengeneza tovuti za kupokea malipo. Kama wewe ni mwenye biashara na huandiki programu, usiende mbali. Mwishoni tumekuwekea maswali ya kumuuliza fundi wako.

Kwanza, malipo husafiri vipi?

Mteja akibonyeza "Lipa", kidirisha kinatokea kwenye simu yake aweke PIN. Akishaiweka, tunatumia seva yako ujumbe wenye nambari ya muamala, jina, nambari ya simu na kiasi. Kisha tunasubiri seva ijibu kwamba imepata. Isipojibu, pengine kwa sababu mtandao uko chini, tunatuma ujumbe uleule tena. Tunafanya hivyo ili malipo yako yasipotee, lakini maana yake ni kwamba ujumbe mmoja unaweza kukufikia mara mbili.

1. Databesi yenyewe ikatae nambari iliyojirudia

Tuseme unauza gesi Kitengela. Mteja amelipia mtungi mmoja, ujumbe umefika mara mbili, na tovuti imeandika oda mbili. Rider anapeleka mitungi miwili kwa pesa ya mmoja. Hasara ni yako.

Wengi hujikinga kwa kuangalia kwanza kama nambari ipo, na kama haipo, wanaiandika. Inaonekana sawa, si ndiyo? Lakini jumbe mbili zikifika karibu kwa wakati mmoja, zote zitaangalia, zote zitakuta haipo, na zote zitaandikwa. Afadhali uiachie databesi kazi hiyo:

ALTER TABLE malipo ADD UNIQUE (nambari_ya_muamala);

Ujumbe wa pili ukikataliwa, usituletee kosa. Tujibu tu kwamba umepata, la sivyo tutaendelea kuutuma.

2. Hatua zote zifanyike, au isifanyike hata moja

Malipo yakiingia, unaandika malipo, halafu unabadilisha oda iwe "imelipwa". Je, stima ikipotea katikati? Malipo yameandikwa lakini oda bado inadai. Mbaya zaidi, tukituma ujumbe tena, ile UNIQUE ya hapo juu itaukataa, na oda itabaki hivyo hivyo. Huyo ndiye mteja anayekupigia kwa hasira.

Weka hatua zote mbili kati ya BEGIN na COMMIT. Kitu kikikwama kabla ya COMMIT, databesi inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na ujumbe wetu ukija tena kazi inaanza upya. Usitujibu kwamba umepata kabla COMMIT haijapita. Kama unatumia MySQL, hakikisha jedwali ni la InnoDB. Yale ya zamani ya MyISAM hayajali BEGIN wala COMMIT.

3. Pesa isikae kwenye FLOAT

FLOAT huhifadhi desimali kwa kukadiria. Fungua JavaScript ujumlishe 0.1 na 0.2, utapata 0.30000000000000004. Kwa muamala mmoja hutaona tofauti, lakini mwisho wa mwezi hesabu zako na zetu zinaweza kukataa kulingana, na utatafuta hizo senti usiku kucha.

Tumia DECIMAL(12,2), au hifadhi senti kama nambari kamili: Sh1,250.50 inakuwa 125050.

4. Nambari ya simu ni maandishi

Hakuna siku utajumlisha nambari za simu, kwa hivyo usizihifadhi kama hesabu. Sifuri ya mwanzo ya 07 au 01 itapotea. Ukiandika kwa 254, unapata tarakimu 12, na INT ya MySQL inaishia 2147483647. MySQL iliyowekwa isiwe kali haitalalamika, itaandika hiyo 2147483647 kwa kila mteja. Siku ya kurudisha pesa, wateja wako wote wana simu moja!

Tumia VARCHAR(15), na ugeuze 07, 01 na +254 zote ziwe 254 kabla ya kuhifadhi.

5. Jina la Ng'ang'a lisivunje tovuti

Ukiunganisha jina la mteja moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ile alama iliyo kwenye Ng'ang'a, Nyong'o au Ng'eno inaonekana kama mwisho wa maandishi. Amri inavunjika na malipo hayaandikwi. Ukijaribu tovuti kwa jina la Kamau pekee, hutawahi kujua.

Mlango huohuo ndio mwizi hupitia. Badala ya jina, anaandika amri yake kwenye fomu na databesi inaitii. Dawa ni kuacha nafasi, kisha data ipelekwe kando:

INSERT INTO malipo (nambari_ya_muamala, jina, kiasi) VALUES (?, ?, ?);

Usiifute hiyo alama. Jina ni lake, liandike lilivyo. Na kumbuka, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya wateja ikivuja na kuwaweka hatarini, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data. PIN nayo usiiombe wala usiihifadhi kamwe.

Mwenye biashara, muulize fundi wako:

- Ujumbe uleule wa malipo ukija mara mbili, nini hutokea?
- Seva ikizima katikati ya malipo, oda inabaki vipi?
- Umejaribu kulipa kwa jina lenye alama kama Ng'ang'a?

Asikujibu kwa maneno tu, akuonyeshe. Lipeni shilingi moja, mtume ujumbe uleule mara mbili, kisha mfungue jedwali pamoja mhesabu mistari. Ikiwa miwili, duka halijawa tayari kufunguliwa.

Na wewe mteja, tovuti ikikataa na SMS ya malipo umepata, usilipe tena. Mtumie mwenye duka nambari ya muamala iliyo kwenye SMS. Daftari lake likiwa sawa, atakuona mara moja.