Tone Chini ya Giaboksi: Mafuta Yatoka Wapi?

Lori likilala Inyonga usiku mmoja, asubuhi ardhi iliyo chini yake husimulia habari zake. Dereva huinama, huona doa la mafuta chini ya giaboksi, na mara nyingi hukata shauri papo hapo: sili imekufa, ishushwe. Huenda ikawa kweli. Lakini giaboksi ya lori kubwa huweza kuwa na uzito wa kilo 200 na zaidi, nayo hushushwa na watu waliolala chali chini yake, kwa winchi ya mnyororo na magogo. Mtu amewekwa chini ya mzigo huo, siku nzima imepotea, kisha ikagundulika kwamba giaboksi haikuwa na kosa lolote. Kwa sababu hiyo swali la mahali mafuta yanapotoka lastahili kushughulikiwa kisayansi, na sayansi inayohitajika yote imo katika vitabu vya sekondari.

Inyonga, makao makuu ya wilaya ya Mlele mkoani Katavi, imezungukwa na misitu ya miombo kati ya Sikonge na Mpanda. Tumbaku, mahindi, asali na mbao za huko husafiri kwa malori. Barabara kuu ya Tabora hadi Mpanda imetiwa lami katika miaka ya karibuni, lakini njia za kwenda mashambani bado ni za udongo: vumbi wakati wa kiangazi, matope na vijito wakati wa masika. Vumbi na maji, kama tutakavyoona, ndio maadui wawili wakubwa wa giaboksi.

Hebu tuanze na kimiminika chenyewe, kwa maana karibu na giaboksi hupita vimiminika vya namna nyingi. Mafuta ya injini ya dizeli huwa meusi kwa masizi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Mafuta ya gia huwa ya rangi ya asali au kahawia, mazito, na mengi yana harufu kali ya salfa, kwa sababu hutiwa viungo vyenye salfa vinavyokinga meno ya gia yasigusane chuma kwa chuma. Mafuta ya klachi na breki ni mepesi, karibu kama maji, nayo hubabua rangi ya gari. Dizeli hujulikana kwa harufu yake. Pua na macho yatosha. Ulimi usitumike kamwe, kwa kuwa baadhi ya vimiminika hivi ni sumu.

Pua ikishindwa, yako majaribio mawili ambayo mwalimu aweza kuyafanya darasani. La kwanza: tia matone machache katika glasi ya maji na kuitikisa. Mafuta ya gia na ya injini yataelea juu. Mafuta ya kawaida ya breki na klachi yatachanganyika na maji na kutoweka, maana molekuli zake ni za jamii ya glikoli, zinazopatana na maji. La pili: weka tone moja juu ya karatasi ya kuchujia, uiache saa kadhaa. Mafuta ya injini yaliyotumika huacha kiini cheusi katikati na duara hafifu pembeni, kwa kuwa karatasi huyavuta mafuta kwa nguvu ya kapilari na kuyaacha masizi nyuma. Mafuta ya gia huacha doa la rangi karibu moja. Hii ni kromatografia ile ile inayofundishwa kwa wino.

Tofauti hiyo ina maana kubwa pale tone linapoanguka kutoka chini ya nyumba ya klachi, yaani mahali injini na giaboksi zinapoungana. Huko ndani mna sili ya nyuma ya injini, na mna sili ya mbele ya giaboksi. Zote mbili hutoa mafuta yao kupitia tundu moja. Likiwa jeusi, mtuhumiwa wa kwanza ni injini. Likiwa la rangi ya asali na lina harufu ya salfa, ni giaboksi.

Sasa mahali penyewe. Doa lililo ardhini ni shahidi dhaifu, kwani mafuta hayadondoki pale yanapotokea. Uvutano wa dunia huyateremsha ubavuni mwa chuma, na upepo wa mwendo huyasukuma nyuma. Basi kanuni ni kutafuta mahali palipolowa palipo juu kabisa na mbele kabisa. Giaboksi nyingi zimehukumiwa kwa mafuta yaliyoanzia kwenye kifuniko cha juu cha injini! Chuma chote kioshwe, kikaushwe, kisha kipakwe unga mkavu wa chaki. Lori liendeshwe kilometa chache, lisimamishwe na kuzibwa magurudumu, ndipo mtu aingie chini na tochi. Penye mafuta chaki hugeuka rangi, na mfereji wake huonekana wazi. Katika karakana kubwa hutiwa ndani ya mafuta rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Ni vizuri, lakini chaki hupatikana katika kila shule.

Chaki hiyo ina historia ya heshima. Kabla ya vyombo vya kisasa, karakana za reli zilitafuta nyufa katika vyuma kwa mafuta na chaki: chuma kilitiwa mafuta mepesi, kikafutwa, kikapakwa chaki nyeupe, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakavutwa nje na kuuchora mstari wake. Njia hiyo hiyo yafaa kwa ganda la giaboksi lililopigwa na jiwe.

Inabaki hali moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo hupotosha watu zaidi, nayo ni tundu la kupumulia. Juu ya giaboksi kuna tundu dogo lenye kofia, linaloruhusu hewa kuingia na kutoka. Matope na vumbi hulifunga. Sasa tufanye hesabu. Chukua giaboksi yenye lita 12 za mafuta na lita 6 za hewa, katika nyuzi 27, yaani Kelvini 300. Baada ya safari jotoridi limefika nyuzi 87, yaani Kelvini 360. Kwa joto peke yake kanieneo cha hewa kimeongezeka kwa sehemu moja ya tano. Lakini mafuta nayo yametanuka, karibu sehemu 4 kwa kila 100, yaani nusu lita, na hewa imebakiwa na lita 5.5. Kanieneo kimekuwa 1.2 × 6 ÷ 5.5, yaani takriban mara 1.3 ya kile cha mwanzo. Sili ya shafti imeundwa kuzuia mafuta yanayorushwa na gia, si kustahimili kanieneo cha namna hiyo. Mdomo wake huachia, mafuta hutoka. Fundi huweka sili mpya, nayo huvuja wiki ile ile, na lawama huangukia duka la vipuri. Dawa ilikuwa kipande cha waya na kitambaa.

Lori hilo hilo likivuka kijito likiwa na joto, hewa ya ndani hupoa ghafla na kusinyaa, na sili huvuta maji badala ya kutoa mafuta. Mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yana maji, na lazima yamwagwe yote, kwa maana maji huozesha beringi.

Kama tundu liko wazi na mafuta bado yanatoka nyuma, dereva ashike propela, injini ikiwa imezimwa, na kuitikisa juu na chini. Ikicheza, beringi imelika, na sili peke yake haitafaa. Isipocheza, shafti itazamwe: vumbi lililonaswa chini ya mdomo wa sili hukwangua chuma kama msasa na kuacha mfereji unaosikika kwa ukucha.

Je, lori laweza kufika Tabora? Tone moja kila sekunde 10 ni matone 8,640 kwa siku. Ikiwa matone 25 hufanya mililita moja, ni theluthi moja ya lita. Wanafunzi wahakikishe idadi hiyo kwa bomba la sindano. Lakini yasihesabiwe matone ya asubuhi. Mafuta ya gia ya daraja la 80W-90 yana mnato wa takriban senti-stoki 140 katika nyuzi 40, na katika nyuzi 100 hubaki 14 hivi, yaani mara kumi pungufu. Katika upenyo mwembamba ule ule, yatapita mara kumi zaidi. Hesabu ifanywe lori likisimama lingali moto, kisha mafuta yakaguliwe kwenye kizibo cha ubavuni, lori likiwa mahali tambarare: yafike ukingo wa chini wa tundu, yasipungue wala yasizidi.