Daktari Akikuuliza Kilichomo Nyumbani, Usikasirike

Umempeleka kijana wako hospitalini. Halali, hali, hacheki. Daktari anamwuliza habari za shule, kisha anakugeukia wewe: "Dawa ya wadudu mnaiweka wapi?" Je, utakasirika?

Kule Marekani swali la namna hii huhusu bunduki. Mwaka 2011 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuwazuia madaktari kuwauliza wagonjwa kama wana silaha. Madaktari walikwenda kortini, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikatupilia mbali sehemu kubwa ya sheria hiyo.

Gachoka, katika kaunti ya Embu, si bunduki inayokaa uvunguni mwa kitanda. Mkulima wa ndengu au muguka huweka hapo dawa ya kunyunyizia mimea. Nasi wa mjini tuna ya panya. Mtu aliyelemewa na mawazo hupatwa na saa ya giza. Saa hiyo hupita, mradi sumu iwe mbali naye. Ndiyo sababu daktari huuliza.

Zamani wengi waliogopa kujibu, kwani kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba.

Basi jibu kweli. Siri ya mgonjwa ni amana kwa daktari. Ukirudi nyumbani, ifungie dawa hiyo kwa kufuli, ufunguo ukae nawe. Mficha uchi hazai.