Kabla hujauza shamba: mwaka wa msingi wa sanaa ni nini hasa?

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja alinijia nyumbani baada ya magharibi, bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na barua ya chuo kimoja cha Uingereza. Binti yake, aliyemaliza KCSE, amekubaliwa kusomea sanaa na usanifu, ila kwanza asome "mwaka wa msingi". Karo ya mwaka huo ilikuwa kubwa hata nikaisoma mara mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "nina sehemu yangu ya shamba la urithi kule Takaungu. Mnunuzi yuko. Niambie tu, huu mwaka wa msingi ni shule kweli, au ni mlango wa kulia pesa?"

Nilimjibu nilivyoweza usiku ule. Lakini najua si yeye peke yake anayeuliza, na mimi mwenyewe nilisoma mwaka huo miaka mingi nyuma. Nusura nyumba yetu iingie hasara kwa kutojua. Basi nieleze.

Mwaka wa msingi ni mwaka mmoja wa masomo kati ya shule ya sekondari na shahada ya sanaa. Mwanafunzi hafundishwi fani moja. Anaonjeshwa nyingi: kuchora, kuchonga, kufinyanga, kupiga picha, kuchapa, kubuni nguo, kusanifu vitabu na matangazo. Mwisho wa mwaka ndipo anapochagua moja ya kuisomea shahada.

Asili yake si biashara ya jana. Mwaka 1919 shule ya Bauhaus ilifunguliwa mjini Weimar, Ujerumani. Mwalimu wake mmoja, Johannes Itten, alianzisha kozi ya awali ambayo kila mwanafunzi aliipitia kabla ya kuingia karakana. Alijifunza rangi, umbo, na tabia ya mbao, nguo na chuma. Uingereza nayo, kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream ilitoa ripoti mwaka 1960 kuhusu elimu ya sanaa, na humo ukatoka utaratibu wa mwaka wa maandalizi kabla ya stashahada za wakati ule. Mpaka leo vijana wa Kiingereza wenyewe huupitia. Kwa hivyo mtu akikwambia ni darasa la walioanguka mtihani, usimsikilize.

Kwa sisi wa Kenya kuna sababu ya pili. Mwingereza husoma miaka 13 kabla ya chuo kikuu. Mtoto wa 8-4-4 amesoma 12. Vyuo vingi vya huko huona KCSE peke yake haitoshi kuingilia mwaka wa kwanza wa shahada, na mwaka wa msingi huziba pengo hilo. Shahada ya England kwa kawaida ni miaka 3. Ukijumlisha na wa msingi inakuwa 4, sawa na shahada za hapa kwetu.

Sasa darasani kukoje? Mimi nilikwenda nikijua kabisa kwamba nitakuwa mshoni mkubwa wa mitindo. Wiki za mwanzo ni za kuzunguka: wiki hii udongo, wiki ijayo kamera, baadaye uchapaji. Kisha unachagua njia, na muhula wa mwisho ni mradi wako mwenyewe, unaoishia kwa maonyesho ambayo watu wa mji huja kuyatazama. Kila siku una daftari la michoro, na mwalimu hutazama daftari hilo kuliko kazi iliyokamilika. Hutaka kuona umejaribu mara ngapi, umekosea wapi, na ulifanya nini baada ya kukosea. Kila baada ya muda kazi hubandikwa ukutani na darasa zima huizungumza mbele yako. Mara ya kwanza nililia msalani. Mara ya tano nilikuwa nikibishana nao.

Na ushonaji niliuacha. Katika wiki za uchapaji mwalimu alituambia tulete kitambaa cha kwetu. Nikapeleka kanga ya mamangu. Akaniuliza: kwa nini pindo limekwenda hivi, kwa nini mji umewekwa katikati, kwa nini jina limeandikwa pale na si juu? Nilikuwa nimejifunga kanga maisha yangu yote na sikuwa na jibu. Mwezi mzima nilichora kanga na herufi zake, nikajua ninachokipenda ni maandishi na namna yanavyokaa mahali. Leo kazi yangu hapa Mombasa ni kusanifu vitabu na vifungashio. Lau ningeingia shahada ya mitindo moja kwa moja, ningegundua kosa langu mwaka wa pili, karo imekwisha kuliwa.

Wala si mimi tu. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Uingereza mwaka 1971 akiwa na nia ya usanifu wa grafiki, akasoma masomo ya msingi Cambridge. Udongo alikutana nao baada ya kufika huko. Baadaye alisoma Royal College of Art, na leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Hayo ni mazuri yake. Sasa niseme pale nyumba yetu ilipotaka kuanguka.

Jina "mwaka wa msingi" hubeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni stashahada ya msingi ya sanaa na usanifu, inayosimama peke yake. Ukiimaliza una cheti mkononi, na unaomba shahada popote, hata chuo kingine mji mwingine. Cha pili ni mwaka wa msingi ulioshonwa ndani ya shahada ya miaka 4. Ukifaulu unapanda mwaka wa kwanza palepale, lakini ukitaka kuhamia kwingine huenda usipokelewe. Cha tatu ni kozi ya maandalizi ya wanafunzi wa nje, mara nyingi ikiendeshwa na kampuni iliyoshirikiana na chuo, yenye Kiingereza na masomo ya jumla, na sanaa kiasi tu.

Wakala aliyenishughulikia alimwambia babangu kwamba kozi aliyonitafutia inafungua vyuo vyote. Ilikuwa imefungwa kwa chuo kimoja. Tuliligundua hilo siku chache kabla ya kutuma pesa, kwa sababu ami yangu mmoja aliketi akaisoma barua neno kwa neno. Mawakala wengi hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Si dhambi, lakini ujue anayekushauri analipwa na nani.

Kwa hivyo, kabla ya shilingi kutoka, kiandikie chuo chenyewe, si wakala, uulize haya: Je, mwishoni nitapewa cheti gani, na vyuo gani vingine vinakikubali? Je, nafasi ya shahada ni ya hakika nikifaulu, na kufaulu ni alama ngapi? Je, saa ngapi kwa wiki ziko karakana? Na vifaa vyote, yaani rangi, karatasi, kitambaa, viko ndani ya karo au najinunulia? Jibu lije kwa maandishi.

Kuhusu pesa nisikufiche. Kijana wa Kiingereza ambaye hajatimiza miaka 19 kwa kawaida halipi karo ya stashahada ile ya kwanza. Mgeni hulipa, na karo ya mwaka mmoja huweza kupita shilingi milioni 2, kabla ya chumba na chakula. Ili kupata viza, karo ya mwaka wa kwanza na pesa za matumizi ya hadi miezi 9 lazima zionekane zimekaa benki siku 28 mfululizo. Na usitegemee kwamba mtoto atafanya kazi ajilipie. Aliye kwenye kozi ya chini ya shahada huruhusiwa saa 10 tu kwa wiki wakati wa masomo, ilhali wa shahada huruhusiwa 20. Halafu baada ya mwaka huo bado kuna miaka 3. Anayeuza shamba kwa mwaka wa msingi tu hajafika popote. Piga hesabu ya minne.

Kuna swali jingine ambalo wazazi wetu hulinong'ona. Ndiyo, vyuo vingi huwa na somo la kuchora mwili wa mtu, na anayechorwa huwa hana nguo. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi si mwenye kulijibu. Ninachojua ni cha darasani: nilimwendea mwalimu mapema, nikamweleza kwa adabu, akanipa kuchora mikono na watu waliovaa. Sikupunguziwa alama. Lakini uliza kabla hujaenda, usingoje siku yenyewe.

Na kama pesa hazipo? Sanaa na usanifu husomwa hapa Kenya katika vyuo vikuu vya Nairobi, Kenyatta na Maseno, bila mwaka wa ziada. Mtaala mpya nao una njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, ambayo wazazi wengi huikimbia bila kuiuliza ni ya nini.

Iwe ni hapa au ng'ambo, sehemu kubwa ya ule mwaka yaweza kuanzia barazani kwako. Chukua daftari, uchore kila siku. Chora mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, si mara moja, mara kumi. Keti na bibi anayesuka ukili, uchore mikono yake inavyokwenda. Chora hina kabla haijakauka. Chora mashua juu ya magogo, mbavu zikiwa wazi. Usitupe michoro mibaya, kwani hiyo ndiyo mwalimu atakayoiuliza. Daftari mbili tatu za namna hiyo huweza kukusaidia kwenye mahojiano kuliko picha moja nzuri uliyonakili kwenye simu.

Jirani yangu na bintiye waliandika yale maswali. Jibu limekuja wiki iliyopita: kozi ni ya chuo hichohicho, na vifaa ni juu ya mwanafunzi. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akaikunja barua. Shamba bado lipo. Binti ameamua kuomba nafasi hapa nyumbani kwanza, na akimaliza aangalie ng'ambo akiwa na shahada mkononi.

Jana alasiri nilimwona ameketi kwenye kibaraza chao na daftari, akichora viatu vilivyopangwa nje ya mlango wa msikiti. Nilimwomba nitazame. Kurasa tatu za viatu, na za kwanza mbili ameziharibu kabisa. Nikamwambia asizichane.