VIUMBE WA UANI (Sehemu ya Tano): Kwelea wa Bahi na nyasi za Bwana Disney

Habari za kwelea zimerudi redioni, kama zinavyorudi karibu kila mwaka mpunga wa Bahi unapoanza kutoa masuke. Mkulima anahojiwa, ofisa anaahidi ndege ya kunyunyizia sumu, kisha taarifa inahamia kwenye soka. Wasomaji ambao tumekwisha kukaa pamoja chini ya mgunga wa uani, tukajifunza kumtenga tetere na pugi, na kwenzi na chozi, watanisamehe nikisema kwamba nilizima redio nikiwa na hamu ileile niliyokuwa nayo kabla ya kuiwasha. Hakuna aliyesema ndege hao walianza kuonekana lini, wapi, na nyasi za mahali pale zilikuwa zimefika wapi kwa urefu.

Nyasi zinahusikaje? Hapo naomba subira, maana kisa hiki nakipenda tangu ujanani na mhariri amekwisha kukikata mara moja.

Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ikipambana na kwelea kwa kila silaha. Sehemu mbalimbali za Afrika watu walijaribu moto wa mitambo, baruti na sumu. Vitabu vya serikali vya wakati huo vilimwita ndege wa Sudani, kana kwamba ni mgeni aliyepotea njia, ilhali babu zetu wa Ugogo walikuwa wakimwinga kwenye uwele na mtama kabla hajatokea Mzungu wa kuandika kitabu. Katikati ya vita hiyo walikuwapo watu wawili waliotaka kwanza kumjua adui. Mmoja ni H. J. de S. Disney, aliyemchunguza kwelea hapa Tanganyika na baadaye akawa mtunza ndege katika jumba la makumbusho la Sydney. Wa pili ni A. J. Marshall, Mwaustralia aliyepoteza mkono wa kushoto akiwa kijana kwa ajali ya bunduki. (Vijana wenye manati, someni tena sentensi hiyo.) Kwa mkono mmoja uliobaki alifika Aktiki, akaandika vitabu, na mwaka 1960 akawa profesa mwanzilishi wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Monash.

Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka. Ndege wa Ulaya hujua wakati wa kutaga kwa kurefuka kwa mchana. Lakini Bahi iko takribani nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Mvua nayo haina ahadi: mwaka mmoja inafungua Desemba mapema, mwaka mwingine tunaingia Januari tunatazama mawingu. Sasa kwelea, anayetaga kwa maelfu kwa pamoja na kwa siku karibu zilezile, anaambiwa na nani kwamba wakati umefika?

Marshall na Disney waliwafuga kwelea, wakawapa mambo ambayo mvua huleta, kisha wakatazama. Majibu yao yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1957: kichocheo kikubwa ni mvua pamoja na majani mabichi inayoyaotesha. Waliopata nyasi za kijani walianza kusuka. Ukifikiri, hakuna la ajabu. Dume husuka kiota kwa majani marefu, mabichi, yanayopindika; jani kavu hukatika mdomoni. Hana haja ya kalenda ikiwa kifaa cha ujenzi chenyewe ndicho kinachomwambia anza. Na akianza hapotezi muda. Kiota ni kazi ya siku mbili tatu, mayai huwa matatu hivi, makinda hulishwa kwanza wadudu halafu mbegu, na kazi nzima, tangu kusuka hadi makinda kuruka, humalizika katika wiki sita hivi. Nchi kame haimruhusu mtu kuchelewa, wala ndege.

Miaka michache baadaye mtaalamu mwingine, Peter Ward, aliongeza kipande kilichokosekana. Kwelea hula mbegu za nyasi zilizodondoka ardhini. Mvua ya kwanza inapopiga, mbegu hizo huota zote, na chakula kinatoweka kwa siku chache. Basi ndege hujinenepesha haraka, huruka juu ya eneo linalonyesha, na kwenda kutua kule ambako mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kutoa mbegu mpya. Huko ndiko husuka na kutaga. Kwa hiyo kwelea anasoma mvua vizuri kuliko baadhi yetu tunaosoma simu.

Tazameni sasa ramani ya kwetu. Mto Bubu unateremka kutoka Kondoa na kumwaga maji katika bwawa la Bahi, bonde la Ufa lisilo na njia ya kuyatoa. Maji yanatandaa, yanapungua, yanaacha matope, na pembeni nyasi zinaota kwa awamu. Kwelea amelijua bonde hili tangu zamani. Sisi tumekuja na majaruba, tukaandaa sahani ya mpunga kando ya meza yake, na mbegu za porini zinapokwisha tunashangaa akinyoosha mkono. Sisemi mkulima avumilie. Aliyewahi kushinda juani na debe lililotobolewa, akiamia ndege tangu alfajiri, na watoto wakikosa shule kwa kazi hiyohiyo, haambiwi avumilie. Nasema tu kwamba adui huyu ana tabia, na tabia huandikika.

Na huandikwa uani. Kwelea hujenga mbali na nyumba, kwenye vichaka vya miiba, viota mamia kwa mti mmoja. Lakini wakati wa kiangazi vikundi vidogo huja kunywa kwenye maji yanayomwagika kisimani na kudonoa pumba penye kinu. Wakati huo dume na jike hufanana na shomoro, ila mdomo ni mwekundu kama umechovywa rangi. Msimu wa kutaga dume huvaa barakoa, nyeusi kwa wengi, na mdomo wa jike hugeuka njano. Mnana ni kitu kingine kabisa: dume ni wa njano, mdomo wake mweusi, na vikapu vyake vinaning'inia kwenye mgunga ulio mbele ya mlango wako. Halafu kuna wale wakubwa wanaorundika miiba kwenye matawi ya mbuyu kama aliyetupa kuni juu. Wote hawa nimewaona wakiitwa kwelea, na viota vyao vikiangushwa kwa fito na watu wazima wenye elimu, tena wakijisifu. Mtu anayeadhibu jirani kwa kosa la mwizi hafai kupewa fito.

Wenye nyumba mpya nao wana lao. Mgunga unakatwa kwa sababu unachafua, ua wa minyaa unang'olewa, uani panamwagwa saruji hadi ukutani, halafu mtu huyo huyo analipa kwenda Tarangire kutazama ndege. Kule ataonyeshwa kwenzi wa kijivu mwenye mkia mrefu na jicho la njano, ambaye Kapteni Shelley, mpwa wa yule mshairi wa Kiingereza, alimwandika mwaka 1881, na ambaye karibu wote waliopo duniani wako Tanzania. Ataonyeshwa kasuku mdogo mwenye kichwa cheusi na kola ya njano, aliyepewa jina la kisayansi na Reichenow wa Berlin mwaka 1887, anayeuzwa katika vizimba vya Ulaya na kuzaliana bure kwenye matundu ya mibuyu ya katikati ya nchi yetu. Mgeni wa Tarangire hulipia kiingilio. Sisi tulikuwa nao kabla ya saruji.

Nafasi inaniishia na dawa sijaigusa. Sumu inayotumika zaidi dhidi ya kwelea ni fenthioni, na hunyunyiziwa jioni mahali wanapolala. Haichagui. Bundi na mwewe huokota waliolegea na kufa nao. Watu wa Kondoa wamewatega kwelea kwa mitego ya vikapu na kuwala tangu zamani, na ni kitoweo halali, lakini ndege aliyeokotwa chini asubuhi ya baada ya kunyunyizia hafai jikoni, hata awe mnono namna gani. Msimpe paka. Kuku wafungiwe. Ofisa kilimo wa kata aulizwe mapema ni eneo gani na siku gani, badala ya kusubiri mngurumo wa injini.

Na akiulizwa, aambiwe pia. Walimu wa shule za msingi za Bahi, Chikola, Mundemu na Ibihwa wanaweza kuwapa watoto daftari moja la darasa: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe nyasi zilipofika magotini, tarehe mdomo mwekundu wa kwanza ulipoonekana penye maji. Baada ya misimu kadhaa ofisa atakuwa na kitu cha kutazama kabla ya kupiga simu ya kuomba ndege. Wiki ijayo tutahamia kwenye mbuyu, usiku, maua yanapofunguka na popo kuanza kazi.