Mfa Maji Hapigi Kelele: Elimu ya Mkufunzi wa Waokoaji

Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo ina hekima yake. Lakini mtu anayeitumia kama kipimo cha kumtambua anayezama huenda akamwacha mwenzake afe mbele ya macho yake. Aghalabu anayezama hapigi kelele, wala hapungi mkono. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mkufunzi wa waokoaji wa majini si kufundisha kuogelea, bali ni kufundisha kuona.

Kuzama ni kimya

Jambo hili lilielezwa katika miaka ya 1970 na Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji katika ufuko wa Orchard Beach, New York, nchini Marekani. Aliwachunguza watu waliokuwa wakizama kwa kutumia picha za sinema. Alionyesha kwamba anayezama husimama wima majini, miguu haimsaidii, na kinywa chake huzama na kuibuka. Mikono huitandaza kando na kuukandamiza uso wa maji ili apate kuinuka.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Kazi ya msingi ya viungo vya pumzi ni kupumua. Kusema huja baadaye. Kinywa kinachoibuka kwa nukta chache hakina nafasi ya kuita. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 tu, kisha mtu hutoweka. Anayepiga kelele naye yumo hatarini, lakini bado aweza kuidaka kamba.

Anayojifunza mkufunzi

Hapana budi mkufunzi awe kwanza mwokoaji aliyehitimu na kuzoea kazi. Kisha hujifunza kupanga masomo, kuonyesha kitendo hatua kwa hatua, kutambua makosa na kupima ujuzi. Katika zoezi la kuona, aweza kumwagiza mwanafunzi mmoja aigize kuzama kimyakimya katikati ya wenzake wanaocheza, na wengine wamtambue kabla ya sekunde 20 kupita. Wakati wote huo yeye mwenyewe hayaondoi macho majini, kwani mwanafunzi naye aweza kuzama kweli.

Kadhalika hufundisha utaratibu wa uokoaji: kwanza kumnyoshea mtu mti, pili kumrushia kitu kinachoelea, tatu kumfuata kwa chombo, na mwisho kabisa kuogelea. Kanuni ya Archimedes inaeleza faida yake. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa vizuri, likizamishwa lote husukuma kando maji ya kilo 20 hivi. Likiwa na uzito wa kilo 1, laweza kubeba kilo 19. Kwa kuwa mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana na wa maji ya ujazo uleule, nguvu hiyo yatosha kukiweka kichwa chake juu.

Aliyezama huumia kwa kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Basi asiyepumua hupewa pumzi kwanza: tano kwa mujibu wa mwongozo wa Ulaya, kisha kifua hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi 2. Kumkamua tumbo ili maji yatoke ni kupoteza wakati.

Mwalimu huzaa walimu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwokoaji mmoja hulinda ufuko mmoja. Mkufunzi mmoja hulinda fuko nyingi kwa mikono ya wanafunzi wake. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwaandaa wanawake wa huko kuwa walimu wa kuogelea, nao wakawafundisha wasichana.

Shule zilizo kando ya bahari, ziwa au mto zaweza kuanza na somo lisilo na gharama: kumtambua anayezama, kutojitupa majini ovyo, na kuweka karibu kamba na dumu tupu.