Hunter's Lodge: Hoteli ya Kiboko na vifaru 996 wa Makueni

WASAFIRI wa barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa wamelijua kwa miaka mingi jina la Hunter's Lodge, hoteli iliyojengwa kando ya chemchemi ya Kiboko, karibu na Makindu, Makueni.

Wengi hudhani iliitwa hivyo kwa kuwa neno hilo kwa Kiingereza humaanisha mwindaji. Kumbe ni jina la ukoo wa mwasisi wake, John Alexander Hunter, Mskoti aliyezaliwa 1887 na kufika Kenya 1908. Hata hivyo, jina na kazi yake vililingana.

Historia ya hoteli hiyo haitengani na ile ya ardhi ya Wakamba. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi wa Machakos kupunguza mifugo, ikidai ndiyo iliyosababisha mmomonyoko wa udongo. Maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alipelekwa uhamishoni Lamu.

Ili kupunguza msongamano, serikali iliamua kuwahamishia baadhi ya wakulima Makueni, wakati huo nyika iliyojaa mbung'o na vifaru. Vibarua hawangeweza kufyeka vichaka huku vifaru wakiwavamia, hivyo Hunter akapewa kazi ya kuwaondoa.

Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, aliwaua vifaru 996.

Katika kitabu chake cha 1952, mwindaji huyo mwenyewe alihoji iwapo ekari chache za mashamba zilistahili gharama hiyo.

Alipostaafu, Hunter alijenga hoteli Kiboko mwishoni mwa miaka ya 1950. Maji ya chemchemi yalizuiwa yakawa bwawa, na chini ya migunga wageni walipumzika wakitazama ndege. Alifariki 1963.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini majangili hawakukoma. Vifaru weusi, waliokadiriwa kuwa 20,000 mwaka 1970, walibaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Palipokuwa na vifaru hao wa Makueni leo ni vijiji na mashamba. Atakaye kuwaona hana budi kupita Kiboko hadi Mtito Andei, aingie Tsavo Magharibi, ambako hulindwa.